Jina la Mume Wangu kwenye Jiwe la Mgambo

Jiwe lenyewe bado liko mbele ya ofisi ya kijiji chetu, karibu na Kimamba. Lina majina sita. Wajukuu zangu wakija likizo hulipita wakikimbia, basi nawashika mkono nawarudisha. Someni, nawaambia. La nne ni la mjomba wake mama yenu. Nusura liwe la babu yenu.

Ilikuwa hivi. Mgambo wa kwanza kwenda vitani kumtoa nduli waliandikwa majina hapa kijijini, na la mume wangu lilikuwemo. Mimi nilikuwa na kichanga cha siku nane. Mume wangu aliogopa. Sitasema vingine, aliogopa. Kaka yangu alikuja kututazama, akamkuta amejikunja mkekani, akacheka sana.

“Shemeji, wewe kaa ulee. Kesho kule Kilosa wakiita jina lako, nitaitika mimi. Nani anakujua?”

Akaitika kweli, akapanda lori. Kijijini tukasema kaka kajitolea kwa sababu shemeji yake ana homa. Watu waliamini, au walinyamaza tu. Kaka hakurudi. Wenzake walisema walimzika hukohuko, porini, mvua inanyesha. Mama yetu alikuwa Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa, si ya wazungu. Alikaa matanga bila kaburi.

Vita vilipokwisha, kijiji kikaamua kuweka jiwe la wale ambao hawakurudi. Orodha ikaletwa kutoka wilayani. Katibu wa kijiji alikuwa mgeni, hajui nani ni nani, akampa fundi mwashi karatasi kama ilivyo.

Mimi nilikuwa natoka kisimani, ndoo kichwani. Fundi alikuwa ameyaandika majina kwa chaki kabla ya kuyachonga. Shule yangu ni ngumbaru tu, na nilijua kuandika majina matatu: langu, la mtoto, na la mume wangu. Macho yakatua kwenye la nne. Maji yote yalinimwagikia.

Nilimfuata mume wangu shambani kwenye pamba, kanga imelowa, nikamwambia. Jembe likamdondoka.

“Nyamaza, mke wangu. Nikisema watanifunga.”

“Kaka yangu hana kaburi. Sasa na jina unamnyima? Wewe unakula ugali, jina lako liko kwa wafu!”

“Basi kaseme wewe.”

“Mimi sikuitwa. Aliyeitwa ni wewe.”

Siku tatu sikumpikia. Alichoma mihogo mwenyewe, akaiunguza.

Siku ya mkutano wa kijiji mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Mume wangu akasimama, kofia mkononi.

“Jina la nne ni langu. Na mimi niko hapa. Aliyekwenda kwa jina langu ni shemeji yangu.”

Mtani wake mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: “Jamani, marehemu kasema!”

Watu waliangua kicheko, na katikati ya kicheko wengine wakalia. Mwenyekiti hakucheka. Jina la pili lilikuwa la mwanawe. Akamgeukia fundi. “Futa hilo. Andika la aliyekufa.”

Hawakumfunga. Ila tangu siku ile alikuwa Marehemu. Marehemu, karibu chai. Marehemu, pamba yako inaliwa na mbuzi. Aliitwa hivyo mpaka akawa marehemu kweli.

Mama alikuja kwa miguu siku ya kufunua jiwe. Kusoma hajui. Nikashika kidole chake nikakipitisha kwenye herufi za kaka, moja moja. Akauliza, “Limekwisha? Fupi hivi?”

Mume wangu akasogea, akainama. “Shikamoo, mama.”

Mama alimsikia. Hakuitikia. Kwetu hilo ni kofi mbele za watu, na watu walikuwepo. Marahaba yake ilikuja mavuno ya mwaka wa pili, mume wangu alipompelekea gunia la mahindi begani. Miezi yote hiyo sikumwomba mama amwitikie, na mume wangu hakuniomba nimwombe.