Kimya Baada ya Shikamoo

Wiki iliyopita tulikuwa Murusagamba, mama na mimi, tukitoa vitu katika nyumba ya bibi ili fundi abadilishe bati. Chini ya sanduku la vitenge nikaikuta simu ya zamani ya mwalimu jirani, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni, aliyomwachia bibi alipohamishiwa Biharamulo. Nikaichomeka kwenye chaji ya sola bila matumaini makubwa. Baada ya nusu saa ikawaka. Usicheke, rafiki yangu, lakini utoto wangu umo humo, ingawa mimi mwenyewe sionekani.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipopata nafasi ya kwenda Uholanzi kusomea shahada ya pili. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mwenye kiu ya shule isiyokatika. Nikaachwa kwa bibi. Bibi hakuipenda safari ile, lakini hakuizuia; alimfungashia maharage, akamwombea, akarudi shambani. Mimi nililia siku mbili. Siku ya tatu nikapewa kisu cha kumenyea ndizi, na ukiwa na vidole vyenye utomvu huwezi kulia vizuri, maana huwezi kujifuta macho.

Kwa bibi kulinuka moshi na maharage yanayochemka. Asubuhi tulichota maji, halafu shule. Jioni tulianua mihogo kabla ya umande. Lakini Jumapili ilikuwa ya mama. Mtandao wa kwetu ulikuwa wa kuvizia, na ukipanda mlimani kuufuata, simu ilinasa ule wa Burundi ikala salio lote. Kwa hiyo mwalimu jirani alikwenda Ngara mjini kila Jumamosi, na huko ndiko picha na video za mama zilikoshukia. Jumapili baada ya misa alikuja kwetu, akaipangusa simu kwa leso kama padri anavyopangusa kikombe, akaiegemeza kwenye kinu.

Picha bibi alizikagua kama anayechagua mbegu. Mama kando ya baiskeli, mama mbele ya maktaba, mama kwenye uwanda usio na mwisho. Aliuliza watu wa nchi isiyo na kilima wanamwonaje mgeni akiwa bado yuko mbali. Ile ya mama akila mkate peke yake hakuipenda kabisa. Alitaka kujua kama huko hawana majirani.

Shida ilianza na video ya kwanza. Mama alitokea, akasema, "Shikamoo mama, hamjambo wote, hapa ndipo ninapoishi," na papo hapo akageuza kamera kutuonyesha jiko. Bibi alikuwa amesogeza kigoda, ameinama mbele. Akaitikia marahaba, na kwa kuwa salamu kwetu Wahangaza si neno moja, akaendelea kumwuliza ameamkaje, anakula nini, baridi inamtendaje. Alipomaliza, mama alishafika dirishani anaonyesha mvua. Tukairudia, ikawa vilevile. Mwalimu akaeleza kwamba mtu wa kwenye video hasikii. Bibi alimsikiliza kwa heshima, lakini hakukubali. Kutosikia ni jambo moja, alisema, na kutongoja ni jingine.

"Mtu anayesalimia bila kungoja jibu," aliniambia jioni tukimenya ndizi, "huyo miguu yake imeshaondoka."

Maneno yale yaliniingia. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya bonde, mume wake alikwenda Mwanza kutafuta kazi. Salamu zake zikafupika, zikafupika, mwisho zikaisha. Kila mtoto wa pale aliijua habari hiyo. Basi nikaanza kuogopa kwamba mama harudi, nikaogopa kweli, kila nilipomwona mwalimu anakuja na leso yake.

Jumapili iliyofuata mwalimu alitaka kunirekodi nikimwimbia mama wimbo wa shule. Niliimba ubeti mmoja nikauacha.

"Mama, ukisema shikamoo, nyamaza kwanza," nikasema. "Bibi anakujibu, lakini humngoji."

Mwalimu akaguna, akataka kuifuta tuanze upya. Bibi akamwambia aiache hivyo hivyo, aitume.

Jumapili mbili zikapita bila kitu. Ya tatu mwalimu alikuja akitembea haraka kuliko desturi yake. Mama alikuwa ameketi, amevaa koti zito, theluji nyuma yake dirishani. Hakuonyesha jiko wala baiskeli. Akaamkia, akanyamaza, akitutazama. Bibi akaitikia. Mama akakubali kwa kichwa polepole, akauliza habari za nyumbani, akanyamaza tena, kimya kirefu. Bibi akampa habari: maharage, ng'ombe aliyezaa, paroko mpya anayehubiri mpaka vyakula vinaungua majumbani. Habari zilipokizidi kile kimya, nikabonyeza simu kwa kidole, picha ikasimama, mama akabaki pale pale anangoja, mpaka bibi alipomaliza. Hiyo ikawa kazi yangu kwa miaka miwili. Bibi hakutaja tena habari ya miguu, na mimi nikaacha kuogopa.

Mama alirudi. Bibi alimpokea uani, wakasalimiana hadi chai ikapoa. Siku hizi tunapigiana video na ndugu walio mbali, wote tunaongea kwa pamoja, na simu ikikatika hakuna ajuaye nani alikuwa anamjibu nani. Sisemi zamani kulikuwa raha; maji ya kuchota nayakumbuka vizuri. Ila ile subira naikosa. Na bibi namkosa zaidi, mwaka wa pili sasa tangu tumzike.

Basi tukakaa sakafuni, mama na mimi, tukaifungua video ya koti zito. Mama wa kwenye simu, ambaye wakati ule alikuwa amenizidi mimi wa leo miaka michache tu, akasema shikamoo, akanyamaza. Akauliza habari za nyumbani, akanyamaza tena. Kidole changu kikaenda chenyewe, kikabonyeza, picha ikasimama. Juu yetu fundi alikuwa aking'oa misumari. Ndipo nikatambua kwamba nilikuwa namngoja bibi.

Mama alikitazama kigoda cha bibi kilichobaki pembeni, kisha akanigusa mkono.

"Iachie sasa," akasema. "Ameshamaliza."