Kaunta ya Jiwe Jeusi

Mama yangu aliposhuka kutoka Kibirichia kuja kuishi nami Majimbo, mjini Embu, alileta magunia mawili ya viazi na nia ya kukaa. Nia hiyo ilikwama kwenye mlango wa jikoni.

“Uuui! Hapa mmezika nani?”

Alikuwa ameiona kaunta yangu mpya ya graniti, nyeusi, inayong'aa hadi unajiona meno. Akaigusa kwa kidole kimoja, akakivuta haraka. Kwetu jiwe la namna hiyo huwekwa juu ya tajiri aliyekufa, na kusema kweli sikuwa na utetezi: fundi wangu alitengeneza pia makaburi. Nilipomwuliza kama graniti hudumu, alinijibu kwa majivuno, “Madam, hii nimewekea watu wengi. Hakuna hata mmoja amewahi kurudi kulalamika.”

Mama akakataa kula chochote kilichokatiwa hapo. Wiki nzima alimenyea viazi sebuleni, mkoba wake umefungwa kando ya mlango. Jumamosi angerudi kwake, kwenye nyumba aliyolala peke yake, ambako mara mbili majirani walikuwa wamemkuta ameanguka. Niliogopa sana, na woga wangu ukatoka kama hasira. Ijumaa nilimfokea: “Mama, hili ni jiwe tu! Hata ukipondea mukimo juu yake halisikii!”

Ukaidi nimeurithi kwake. Mukimo, ule mseto wa viazi, mahindi na mboga, hupondwa sufuria ikiwa sakafuni, imebanwa kwa miguu, na hilo analijua kuliko mimi. Lakini alinyanyua sufuria ya moto, akaitua kwenye ukingo mwembamba mbele ya sinki, akashika mchi kwa mikono miwili. Pigo la tatu, jiwe la kudumu milele likalia ta! Ufa ukakimbia kutoka sinki hadi ukingoni.

Mama akatandika kitambaa cheupe juu ya ufa. Jirani akaingia kuomba chumvi, akaona jiwe jeusi, kitambaa, na sisi wawili tumeinamisha vichwa. “Poleni sana,” akanong'ona, akatoka, akarudi na sukari na majani chai. Mama alivipokea.

Asubuhi fundi akaja. Alisafisha ufa, akaujaza gundi iliyochanganywa na rangi nyeusi, akaubana, ilipokauka akaikwangua kwa wembe na kusugua, na chini akatia chuma. Kulibaki mstari mwembamba.

“Na likipasuka tena?” mama akamwuliza.

“Si utaniita tu, shosho. Nitakuja nirekebishe.”

Mama akafikiri, mkoba mkononi.

“La kaburini likipasuka,” akaniambia, “hakuna anayeita fundi asubuhi. Hili ni la watu wanaokula.”

Akafungua mkoba, akatoa leso, akajifunga kiunoni na kuanza kukata vitunguu juu ya ule mstari. Nililia, nikasingizia vitunguu.

Alikaa nami miaka sita. Alipofariki, fundi yuleyule alikuja kutoa pole, akauliza kwa heshima kama tungependa jiwe. Nikamwambia lake analo, liko jikoni.