Udi kwa Timu Iliyoshuka

Juzi kwa kinyozi, mtaani Qurum, televisheni ilionesha siku ya mwisho ya msimu wa ligi kuu ya Uturuki. Niliiona tena timu yetu ya utotoni, ya jezi za zambarau, na pua yangu ikanusa udi ambao haukuwapo.

Alasiri ya udi ule nilikuwa mtoto, nimekaa sakafuni miguuni pa Bibi, nyumbani kwetu Darsait. Kiyoyozi kilinguruma, kahawa ilinukia iliki, na timu ilitaka sare tu isishuke daraja. Msimu mzima Bibi aliifuatilia kama anavyofuatilia habari za nduguze wa Unguja. Filimbi ikalia, tumefungwa. Wachezaji wakajilaza majanini wakilia.

Bibi akainuka, akarudi na chetezo kinachofuka moshi, akakipitisha taratibu mbele ya televisheni.

Nikakasirika. Kwangu mimi udi ulikuwa wa harusi na sikukuu.

"Bibi, unafurahi wameshuka?"

"Nna wageni wanaondoka, mjukuu wangu. Mgeni wangu hatoki bila ya kufukizwa. Akiondoka ananukia, huikumbuka njia ya kurudi."

Sikumwelewa, nikanuna mpaka Magharibi. Leo nimeshawaaga wageni wengi kwa udi, na bado sijamwona mwengine aliyewaheshimu walioshindwa namna ile.

Juzi, timu ilipata sare yake, ikabaki ligi kuu. Nilipofika nyumbani nilikitoa chetezo cha Bibi kabatini, nikakifuta vumbi, kisha nikakirudisha bila ya kukitia makaa.

Hawaondoki.