Rangi Nyekundu Ukutani Donholm

Saa nne na dakika kumi asubuhi niliwafungulia Mama Nekesa na mumewe geti la nyumba yangu ya Donholm. Walikuja kulipa malipo ya kwanza ya kuinunua. Sikuajiri fundi. Niliziba mabomba mwenyewe, nikapaka kuta rangi, hata maandishi yaliyofifia kwenye ukuta wa nje nikayakoleza kwa rangi nyekundu.

Hawakuingia.

"Baba Nekesa, hebu soma hapo kwa sauti."

"Nyumba hii haiuzwi. Jihadhari na matapeli!"

Niliyaandika zamani nilipohamishwa kikazi, walaghai wasiiuze nikiwa mbali. Nikatoa hati haraka.

"Mzee, hata hati siku hizi wanachapisha," mama akacheka. "Na rangi bado mbichi! Tapeli gani huyu anajitangaza?"

Akafunga mkoba uliokuwa na shilingi laki nane.