Anayetafuta Saa ya Mvua

Saa saba mchana. Nje jua linawaka mpaka mabati yanaalika, lakini kwenye skrini iliyo mbele ya mwenyeji wangu mvua imeshanyesha na kukatika.

"Umeona?" ananiuliza, akigusa kioo kwa kalamu. "Hii kompyuta ina haraka."

Ni mtaalamu wa hali ya hewa, miaka thelathini na tisa, na kazi yake ni kuifundisha kompyuta kunyesha kama mawingu yanavyonyesha. Wenzake wamembandika jina la Saa Sita, kwa kuwa utabiri wake ulileta mvua adhuhuri kila siku iendayo kwa Mungu. Huitika bila kinyongo.

Kosa lenyewe analieleza kwa subira. Kompyuta huikata nchi katika miraba, kila mmoja kilomita ishirini na tano kwa upande. Wingu la mvua ni dogo kuliko mraba huo, kwa hiyo kompyuta hailioni, inakisia tu. Jua likishapasha ardhi, basi, inamwaga manyunyu kila mahali. Wingu la kweli hujikusanya kwanza, likapanda taratibu, likaja kumwaga alasiri.

Kwa wengi hayo ni mambo ya vitabuni. Kwake yana mtu.

Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, ni dobi. Ada yake yote ya shule ilitoka kwenye beseni. Mwaka juzi alimwambia shangazi kwamba mvua ingenyesha saa sita, na mama wa watu akayaacha mashuka ya nyumba ya wageni ndani asubuhi nzima. Saa sita ikapita kavu. Saa nane akayaanika. Saa kumi mvua ikashuka kwa mpigo, akaikimbilia kamba, akateleza, akavunjika goti.

"Hakunilaumu hata kidogo," anasema. "Angenigombeza, ningelala."

Shangazi aliuliza tu kama huko kazini hawajui mvua huanza saa ngapi. Akajibiwa kwamba kipimo cha kituoni husomwa mara moja kwa siku, asubuhi. Kinaonyesha imenyesha kiasi gani, si saa ngapi. Basi akaanza kuandika mwenyewe, magongo yakiwa bado kwapani. Nyuma ya kalenda, kwa kalamu ya kutia alama nguo za wateja, amejaza siku mia mbili na kumi na nne za mvua: tone la kwanza saa ngapi, la mwisho saa ngapi.

Namkuta shangazi uani kwake akifikicha kola ya shati. "Mimi mvua naijua kwa kukimbizana nayo," ananiambia. "Mwanangu anaijua kwa kusoma. Tukaona tusaidiane."

Kwa kalenda hiyo Saa Sita amerekebisha hesabu, na mawingu ya kompyuta sasa yanalazimika kukomaa kwanza. Kosa la muda wa saa nne limeshuka hadi muda wa saa moja na nusu. Hata hivyo, hesabu inayotumika rasmi bado ni ile ya zamani. Wakubwa wanataka msimu mmoja zaidi wa majaribio ndipo yake isomwe redioni.

Daktari amemkataza shangazi kukimbia, naye hataki kuacha kazi. Kwa hiyo kila mchana mpwa wake humpigia simu mapema kumwambia mvua itaanza saa ngapi.

Cheo anakitaka, hafichi. Lakini nikimuuliza anatumaini nini hasa, anaweka kalamu mezani.

"Nataka shangazi yangu aanue nguo akitembea."