Nyuzi tatu, bass mmoja, na mkwe asiyeweza kunitazama

Nyinyi vijana mnaosoma hii, kaeni wima kwanza. Na nyinyi wakuu wa humu, salamu zenu, hata wale wanaoandika na matusi.

Mimi ni Mama Kagendo, nakaa huku chini Mitunguu. Msiniite shosh. Mimi si nyanya yenu. Hii nawaambia ilitendeka, na mbwa wangu ni shahidi.

Nimeona mnabishana hapa juu ya uzi wa kuvulia bass na wale samaki wa plastiki wanaozama kidogo. Mmoja anasema uzi wa kusuka, mwingine anasema ule wa kioo, mwingine anatukana mama ya mwenzake. Mimi nimejaribu zote siku moja. Nyamazeni.

Group yetu ya akina mama iko na dam ya kunyunyizia ndizi. Tukaweka vifaranga vya tilapia humo. Mimi ndiye chairlady na wazo lilikuwa langu.

Vifaranga vikaanza kupungua. Tukafikiri ni ndege. Tukafikiri ni watoto wa shule.

Kumbe mtu alituletea bass, yule samaki anayekula samaki wenzake, sijui alimtoa wapi, na alikuwa amenona. Asubuhi ungemwona upande wa nyasi, maji yanaruka, vifaranga vinatawanyika kama wanywaji wa chang'aa wakiona chifu.

Mama Kinoti, huyo ni jirani na ni treasurer, akasimama kwa mkutano akasema, "Chairlady ametufugisha chakula cha samaki wa mtu mwingine." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Wakakubaliana Jumamosi tupige kura dam imwagwe, bass ashikwe na mikono kwa matope. Na hiyo ilikuwa kiangazi! Dam ikimwagwa, ndizi zetu zote zinakauka zikiwa zimesimama.

Kwa hivyo ilikuwa huyo samaki atoke kabla ya Jumamosi, ama mashamba yaende.

Nikapigia msichana wangu Kagendo, ameolewa Embu. Bwana yake ni Nyaga, fundi wa stima, na akipata wikendi anaendanga kuvua kwa zile dam kubwa za Mbeere. Wakakuja na mtoto wao na mkebe wa vitu vya kuvua.

Sasa wale mmetoka mbali muelewe kitu moja. Kwetu mkwe anaogopa mama mkwe kwa heshima. Hanisalimii kwa mkono. Hakai karibu. Na hawezi kuniambia "umekosea". Akiwa na neno, analipitisha kwa mtu mwingine.

Nyaga amelelewa vizuri sana. Hapo ndipo shida ilianzia.

Akaweka vitu vyake juu ya jiwe, akarudi nyuma huko mbali, mimi nikaenda kuangalia. Kulikuwa na samaki wa plastiki wa kijani, mnene, na kidevu kifupi kama kijiko. Ukimvuta, hicho kidevu kinamsukuma chini kidogo, kama urefu wa mkono mpaka kiwiko, anatembea akitingika matako. Ukiacha kuvuta, anaelea. Bass anamwona anafikiri ni kifaranga mgonjwa.

Hiyo ndiyo ilitufaa, kwa sababu upande ule maji ni machache na nyasi ziko chini tu hapo.

Nyuzi zilikuwa tatu. Ya kusuka. Ya kioo, ambayo jina lake ni refu na sitaandika. Na nailoni ya kawaida.

Nikasema, "Mimi ndiye nitavua. Chairlady ni mimi."

Mimi nimesuka vyondo, vile vikapu vya kamba, tangu nikiwa msichana. Uzi naujua kwa meno. Nikauma ya kusuka, nikaivuta na magoti. Haikuvutika hata kidogo. Nikasema ni hii.

Nyaga akanong'oneza Kagendo. Kagendo akaniambia, "Mama, anasema uzi ni mzuri."

Basi nikafunga na fundo langu la kiondo. Nikatupa, nikavuta pole, bass akauma PAP! Nikang'ang'ana naye vile mtu anang'ang'ana na mbuzi imeingia kwa mahindi ya wenyewe.

Ndoano ikang'oka. Samaki wa plastiki akarudi hewani, akapita karibu na sikio la Kagendo.

"Mama! Huyo si mbuzi!"

"Nyamaza, uzi ndio umekosa."

Nikachukua ya kioo. Ile haionekani kwa maji, nikajua bass hatashuku. Kweli hakushuku, kwa sababu hakukutana na kitu. Samaki wetu wa plastiki alizama zaidi ya vile nilitaka, akaingia kwa nyasi. Nikivuta, ni nyasi. Nikitupa tena, ni nyasi. Nilitoa ya kulisha sungura wa Mitunguu yote.

Hapo mtoto akalia, Kagendo akambeba wakaenda nyumbani anyonye. Tukabaki mimi, Nyaga, na mbwa wangu Simba.

Sasa Nyaga atapitisha neno kwa nani?

Akakohoa. Akamgeukia mbwa.

"Simba, wewe ni mbwa mwenye akili. Uzi wa kusuka hauvutiki hata kidogo. Bass akiuma na mtu avute na nguvu, ndoano inararua mdomo. Tuko pamoja, Simba?"

Simba akatingisha mkia.

"Na huu wa kioo unazama. Unapeleka samaki wa plastiki chini. Mahali maji ni mengi ni sawa, lakini si hapa. Simba, kama Mungu angekupatia mikono, ungefunga nailoni. Inaelea, na inavutika kidogo kama mpira. Uchukue nene, ndio isimwache samaki wa plastiki azame mpaka kwa nyasi."

Na mimi nikamwangalia Simba. "Simba, uliza huyo anayeongea na wewe kwa nini hakusema hivyo mapema."

"Simba, mwambie mama nilimwambia Kagendo."

Na ukweli alimwambia. Kagendo aliniletea ile nusu ya "uzi ni mzuri". Ile ya "lakini" aliimeza, kwa sababu ananijua.

Haya. Nikafunga nailoni nene. Nikarudisha fimbo ya kuvulia nyuma nitupe mbali.

Wakuu, ndoano ilishika kitambaa changu cha kichwa.

Nikatupa vyote. Samaki wa plastiki akaenda, kitambaa kikaenda, vikaanguka kwa maji pamoja. Nikabaki kichwa wazi, mvi zote nje, mbele ya mkwe!

Nyaga alianguka chini kifudifudi kama mtu amepigwa risasi. Akafunika uso na kofia.

"Simba!" akalia huko kwa majani. "Mwambie mama sijaona kitu!"

Nikaanza kuvuta kitambaa changu haraka. Kikanyofoka, kikabaki kinaelea. Samaki wa plastiki akaendelea juu tu ya nyasi, akitingika.

Na bass akauma.

Safari hii uzi ulivutika. Nikivuta na hasira, unapunguza hasira yangu kabla imfikie. Ndoano haikung'oka. Nikamleta mpaka kwa ukingo, mdomo wazi, anaweza kumeza kikombe.

"Nyaga! Leta wavu!"

"Siwezi, mama!"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza ameniambia neno moja kwa moja tangu aoe.

"Utaleta, ama utaelezea Mama Kinoti?"

Akaja kinyumenyume, macho amefunga, wavu ameshika nyuma yake kama mkia. Simba anabweka. Mimi namwambia kushoto, yeye anaenda kulia. Wavu wa kwanza alivua gumboot yangu na mguu ndani. Wa pili akavua bass.

Nikakata jani la ndizi nikajifunga kichwa. Ndio akafungua macho.

Tumbo la huyo bass lilikuwa limejaa vifaranga vyetu. Jumamosi nikampeleka kwa mkutano kwa karai, nikamweka mbele ya Mama Kinoti. Kura haikupigwa. Dam iko, ndizi ziko. Mzee wangu, baba Kagendo, ni mtu wa Kibirichia huko juu kwa baridi, anajua viazi tu, alikataa kumwonja. Akasema hiyo ni nyoka ya maji.

Funzo ni hili. Samaki wa plastiki wa kuzama kidogo, mahali maji ni machache na nyasi iko karibu, funga nailoni nene. Ukitaka azame zaidi kidogo, punguza unene. Ya kioo peleka kwa maji mengi. Ya kusuka ni kali, lakini kama una mkono mzito kama wangu, iache.

Mwenye swali aulize chini hapo, na aulize kwa adabu. Mwenye amevua na nyuzi zingine aseme pia, nitasoma.

Jioni ya hiyo Jumamosi niliita watu wa nyumba yangu. Mzee akakuja, Kagendo akakuja, Nyaga akasikilizia nyuma ya mlango. Nikawaambia:

"Kuanzia leo, kando ya dam hakuna mkwe. Nyaga akiona nimekosea, aniambie hapo hapo, na nisisikie ameambia mbwa. Mkifika kwa gate, heshima inarudi. Na kichwa cha huyo samaki mpatieni Simba, amefanya kazi ya Kagendo."