Goti la Jirani na Sofa Langu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema hilo mapema asije mtu akanidhania mwanamichezo. Mpira wa kikapu nilianza kuushabikia kwa sababu moja tu: uwanja wa chuo uko nyuma ya nyumba yetu, Buzebazeba hapa Kigoma, na ndio mchezo pekee ninaoweza kwenda kuutazama na kandambili zangu nikarudi chai ikiwa bado ya moto. Wangeuhamishia Mwandiga, ningeuacha siku hiyohiyo.

Uwanja wenyewe ni sakafu ya saruji yenye nyufa. Nyavu za ringi zilioza zamani, mashabiki wavuvi wa mtaa wa Kasingirima wakaleta vipande vya wavu wa dagaa wakafunga. Matundu ya wavu ule ni madogo, nao umebana, kwa hiyo mpira ukiingia unakaa kidogo kama unafikiri, ndipo unashuka. Timu ngeni hulalamika. Sisi tumezoea.

Aliyekuwa akiufikirisha mpira kuliko wote ni binti wa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwanafunzi wa mwaka wa pili pale chuoni. Nimemjua tangu anarusha mpira juu ya ukuta wangu na kuja kuuomba kwa adabu ya uongo. Ananiita anko.

Jumamosi moja aliruka, akashuka, mguu ukageuka upande wake na mwili upande wake. Hakuna aliyemgusa. Mama mmoja muuza dagaa, ambaye ndiye ngoma yetu, hupiga dumu tupu la mawese kwa mwiko, alibaki na mwiko hewani. Uwanja mzima ulisikia yule binti akisema, taratibu tu, "Goti langu."

Majibu ya hospitali yalikuja baada ya siku chache. Kano imekatika ndani ya goti. Apelekwe Dodoma kwenye hospitali kubwa akapasuliwe, na tarehe akapewa. Asipopasuliwa, daktari alisema, goti litakuwa linamwangusha kila akikata kona, na kikapu atakitazama akiwa amekaa na sisi.

Kweli alikuja kukaa na sisi, jioni ya mazoezi, na magongo yake, juu ya kreti la soda. Hapo ndipo nilipojua kwamba mashabiki wote wa Kigoma ni madaktari. Mmoja akasema mawese ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Kijana wa bodaboda akasema shemeji yake alifungwa goti kwa jani la mgomba na sasa anabeba magunia. Wakaanza kubishana jani lifungwe upande gani, mpaka mama wa dagaa akagonga dumu.

"Nyamazeni huko! Hapa aliyewahi kupasuliwa goti ni mmoja tu. Aseme yeye."

Wote wakanigeukia mimi.

Inabidi nieleze. Miaka kadhaa iliyopita nililala hospitali siku nne, nikarudi natembea kama bata. Mama wa dagaa alinikuta njiani, akauliza kulikoni. Nikamwambia, "Goti, mama. Jeraha la zamani, la mpira wa sekondari." Sekondari nilicheza, ndiyo, kama kutunza jezi ni kucheza. Lile goti la uongo likapendwa sana pale uwanjani. Kila mwaka niliongeza kipande. Mwaka wa kwanza palikuwa na kisu. Mwaka wa pili pakaja nyundo.

Sasa naombwa niisimulie hadithi hiyo mbele ya mtu anayesubiri kupasuliwa, na badala ya kupunguza, nikaongeza msumeno.

"Sindano ya usingizi iligoma," nikasema. "Nasikia kila kitu. Krrr, krrr. Daktari akaniambia, mzee, kaza meno. Nikakaza."

"Mama weee!" watu wakapiga kelele.

"Ego!" akasema mama wa dagaa, kwa Kiha chake cha kuthibitisha, kana kwamba alikuwemo chumbani.

Nilijisikia vizuri, sitaficha. Nilimwona yule binti ameacha kutafuna karanga, zimebaki mkononi, nikadhani ni heshima.

Siku ya nne baada ya hapo, mama wa binti alikuja kwetu. Nilikuwa sebuleni. Aliongea na mke wangu pale mlangoni, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka aliyeko ndani asikie.

"Mwanangu hataki tena kwenda. Treni ni Alhamisi, yeye anasema hakanyagi. Anasema atakandwa kwa mawese basi. Hali, halali. Kila nikimuuliza ananiambia, anko aliusikia msumeno."

Mke wangu alimpa pole. Alimsindikiza jirani hadi njiani, akarudi, akasimama mbele ya televisheni.

"Baba watoto. Msumeno gani?"

"Ni maneno ya uwanjani tu."

"Umepasuliwa goti lini wewe?"

Nikashusha macho kwenye sofa nililokalia. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika mwisho wa pili wa sofa hilo siku niliyoumia, anajua kila kitu.

"Vaa viatu," akasema. "Viatu, si kandambili."

Nyumba ya tatu si mbali, ila siku ile niliiona mbali. Binti alikuwa uani, mguu juu ya stuli, goti limefungwa kitambaa kilicholowa mawese mpaka sakafu imekuwa ya rangi ya chungwa.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba." Nikakaa. Nikasifia hali ya hewa. Nikaulizia masomo. Akawa ananitazama viatu, maana hajawahi kuviona.

"Sikiliza," nikasema. "Mimi sijawahi kupasuliwa goti."

Akauinua uso kutoka kwenye viatu.

"Ilikuwa ngiri."

"Ngiri?"

"Ngiri. Kuna mechi nilitaka kuiangalia, jua la jioni likawa linapiga kioo cha televisheni. Nikasema sofa lihamie ukuta wa pili. Nikainua vibaya. Ikatoka hapa chini, kama yai. Kovu bado lipo, nikikuonyesha—"

"Usinionyeshe, anko!"

"Sawa. Basi nisadiki. Hapakuwa na msumeno wala nyundo. Nilichomwa sindano, nikalala, nikaamka nikaomba chai. Wakaninyima mpaka jioni. Hayo ndiyo mateso yangu yote."

Alicheka mpaka gongo likaanguka. Nikacheka naye, nikidhani mambo yamekwisha. Halafu nikaona uso wake unabadilika, kicheko kimeisha, macho yamejaa.

"Siku nne, anko. Nikifumba macho nasikia krrr. Siku nne sijala kitu cha maana."

Nilitazama yale mafuta sakafuni. Kuna aibu inayochekesha, na kuna hii nyingine, ya kumwona mtu unayempenda amekondeshwa na porojo zako.

"Nisamehe," nikasema.

"Na nitajuaje kama hii ya sofa si ya kunituliza tu? Mama kakutuma."

"Nani atatunga uongo wa ngiri?"

Akafikiri. Akafuta macho kwa kanga aliyojifunga.

"Kawaambie wenzako uwanjani. Kesho jioni, wote wakiwepo, na mimi nikiwepo. Wao ndio wanaoniletea mawese kila siku na kuniambia nisiende. Ukisema mbele yao, nitakubali."

Nilirudi nyumbani nikaketi kwenye sofa lilelile, nikajaribu kuugua. Mke wangu alinipima joto kwa kiganja, akasema niko mzima kuliko yeye.

Kesho yake nilisimama katikati ya saruji, mahali ambapo miaka yote sijawahi kufika kwa miguu yangu. Watu wakadhani natangaza msiba, wakavua kofia. Nikaanza kwa kuzunguka, nikazunguka sana, mpaka binti akaita kutoka kwenye kreti, "Anko, sofa!"

Nikalisema sofa. Nikaisema ngiri. Nikasema na habari ya jezi za sekondari, maana nilishaona bora niteremshe mzigo wote kwa safari moja. Halafu kijana wa bodaboda akauliza kwa upole kabisa, "Mzee, lilikuwa la watu wawili au la watatu?"

Basi. Dumu lililia, watu wakaanguka juu ya makreti. Mama wa dagaa alikuja na mwiko wake akaninyooshea usoni.

"Mimi nimekuombea dua kwa goti lile! Kila nikipita kwako nakupunguzia bei ya dagaa, mlemavu wa watu!"

"Ngiri nayo inauma, mama."

"Nyamaza, mzee wa sofa."

Jina hilo ninalo mpaka leo. Lakini mama yule alipomaliza na mimi, alimwendea binti, akachutama mbele yake, akakifungua kile kitambaa cha mawese taratibu, akamfuta goti kwa ncha ya kanga yake. "Nenda mwanangu," akasema. "Sisi hatujui kitu. Tunapiga kelele tu." Na hao wengine, madaktari wote wa jani la mgomba, wakatazama chini.

Nilipokuwa naondoka, binti alinishika mkono wa shati.

"Anko, kweli hukuogopa hata kidogo?"

Nilitamani sana kusema hapana.

"Niliogopa mpaka nesi akaniuliza kama nina mtu wa kumpigia. Akaniambia nihesabu kitu chochote ninachokijua. Mimi kichwani sina kitu, zilizobaki ni stesheni za reli, tulizikariri sekondari. Nikaanza Kigoma. Uvinza sikufika, usingizi ukanibeba."

"Ndiyo dawa hiyo?"

"Ndiyo niliyo nayo."

Alhamisi tulimsindikiza stesheni, na mimi nilikuwepo, na viatu. Mama wa dagaa alimpa mfuko wa dagaa wa kutosha wodi nzima. Treni ilipoanza kutambaa, binti alitoa kichwa dirishani akaita, "Mzee wa sofa, rudi nyumbani, utavunjika!" Jukwaa zima likacheka, na mama yake pale pembeni ya dirisha akacheka pia, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu Jumamosi ile.

Siku ya upasuaji hakukuwa na mazoezi, lakini asubuhi nilisikia watu nyuma ya nyumba. Nikatoka. Walikuwa wamekaa kwenye makreti yao wakiutazama uwanja mtupu, na lile dumu limelazwa ubavu. Nikavuta kreti. Nikakaa.

Simu ya mama wa dagaa ikalia. Ilikuwa meseji kutoka Dodoma, akanipa niisome kwa kuwa miwani ameiacha. Mama mzazi aliandika kwamba mwanawe ameingizwa sasa hivi, na kwamba kabla mlango haujafungwa alisema aambiwe anko: ameanzia Kigoma.

Kisha kijana wa bodaboda akauliza, "Baada ya Kigoma ni ipi?"

"Luiche," akasema mmoja.

"Halafu Uvinza."

"Wacha we, kuna vituo vingine katikati pale, treni inasimama."

"Haisimami!"

"Kaka, mimi nimepanda!"

Wakaanza kubishana kama kawaida yao, vidole hewani, mama wa dagaa akilitafuta dumu lake. Niliwaacha kidogo. Kisha nikawaambia wapunguze sauti, kwa sababu muda huo mtoto amekwisha lala.